Kugeuza BF-888S kuwa nodi ya AllStarLink: kazi iko kwenye waya wa nne

Swali: Nina leseni ya redio ya ridhaa na redio koli mbili za Baofeng BF-888S. Moja nataka iwe nodi (kituo) ya AllStarLink, mtandao unaounganisha redio za ridhaa kupitia intaneti, hapa nyumbani, nyingine nitembee nayo. Nimepata kompyuta ndogo ya Raspberry Pi 3 na kadi ya sauti ya USB. Kwa kufuata picha niliyotumiwa nimelehemu waya wa sauti inayotoka, waya wa maiki na waya wa PTT (kitufe cha kurusha). Nikiunganishwa nasikia watu vizuri, lakini wao hawanisikii hata kidogo. Nilipounga waya wa COR pale picha inapoonyesha, nodi ikaganda: inadai napokea saa zote. Tena mara nyingine Pi inajiwasha upya redio ikirusha. Nimekosea wapi?

Jibu: Nyaya tatu za kwanza ziko sawa. Kama ungekosea PTT, redio isingerusha, na usingesikia watu wa mtandaoni kwenye redio yako ya pili. Tatizo lako ni COR, na tatizo la Pi ni jambo jingine kabisa, usiyachanganye.

COR ni ule waya unaoiambia kompyuta kwamba sasa hivi kuna mtu anaongea redioni. Sauti yako inafika kwenye kadi ya USB bila shida, lakini programu ya app_rpt iliyo ndani ya Asterisk, programu ya simu inayoendesha nodi, haiipitishi mtandaoni mpaka COR iseme ndiyo. Dereva wa `simpleusb`, ambao ndio unaofaa kwa kazi hii, hausikilizi sauti ili kubahatisha kama kuna maongezi. Unatazama pini moja tu. Pini isipobadilika, hata upige kelele namna gani, upande wa pili ni kimya. Ndiyo maana ya kusikia bila kusikika.

Sasa hiyo picha. BF-888S imetengenezwa kwa matoleo mengi ya bodi, na kasha la nje halisemi lolote kuhusu kilichomo. Nukta iliyokuwa COR kwenye bodi ya aliyepiga picha, kwako inaweza kuwa laini ya umeme wa kudumu, na hapo nodi lazima igande. Usitafute picha nyingine. Tafuta kwa multimita.

Kabla ya kurudi kwenye redio, hakikisha upande wa kompyuta ni mzima. Kadi yenye chipu ya CM108 au CM119 ina miguu 48, kumi na miwili kila upande. Kwenye kona moja kuna kitone kilichochongwa. Hapo ndipo pini 1 inapoanzia, na hesabu inazunguka kinyume cha mshale wa saa. Pini 48 ndiyo ya mwisho, kwa hiyo inakaa kwenye kona hiyohiyo ya kitone, upande wa pili wa pembe. Hiyo ndiyo ya COR. Mtengenezaji aliikusudia iwe kitufe cha kupunguza sauti. Pini 13 ndiyo ya PTT, nayo iko konani: ya kwanza kwenye upande wa pili wa hesabu. Zote mbili kuwa pembeni ni bahati, maana ncha ya pasi inazifikia bila kugusa jirani wawili. Ukifungua kadi ukakuta tone jeusi la gundi badala ya chipu yenye miguu, iweke pembeni, haitakusaidia kwa kazi hii. Amri ya `lsusb` ikionyesha namba inayoanza na `0d8c`, mtengenezaji wa chipu ni C-Media, lakini hata hivyo fungua uone miguu kwa macho.

Kipimo rahisi: chomeka kadi kwenye kompyuta ya kawaida, kisha gusisha waya wa pini 48 kwenye hasi ya kadi. Sauti ya kompyuta ikianza kushuka yenyewe, umelehemu mahali sahihi. Halafu irudishe kwenye Pi, fungua `simpleusb-tune-menu`, bonyeza V ili uone COS ikibadilika papo hapo, na urudie kugusisha. COS ni jina jingine la COR, lisikuchanganye. Pini 48 ikiachwa wazi hukaa juu yenyewe, ikigusa hasi inashuka. Skrini ikifuata mkono wako, Pi, kadi na programu havina kosa, na hitilafu yote iko ndani ya redio. Dakika tano hizi zinaokoa jioni nzima ya kulehemu na kubandua.

Jambo moja kabla ya kushika pasi: katika `/etc/asterisk/simpleusb.conf` kuna mstari wa `carrierfrom`. Ukiandika `usb`, programu inaelewa kuwa pini ikiwa juu ndipo unapokea. Ukiandika `usbinvert`, ikiwa chini ndipo unapokea. Badilisha huo mstari kwanza. Kama nodi iliyokuwa imeganda kwenye "napokea" sasa inafuata redio, ulikuwa umeunga pazuri ila kwa maana iliyogeuzwa, na kazi imekwisha. Kama imeganda upande wa pili, yaani haipokei kamwe, waya wako uko kwenye nukta isiyotikisika.

Ndani ya redio kuna sehemu mbili za kutafuta COR, na kila moja ina tabia yake.

Ya kwanza ni taa ya kijani, inayowaka redio inapopokea. Ni rahisi kuiona na rahisi kuifikia. Kasoro yake ni kwamba kwenye redio nyingi za namna hii taa huwaka kwa wimbi lolote lililo kwenye masafa hayo, liwe na toni ya CTCSS (mlio wa chini unaotumwa pamoja na sauti kama ufunguo) au lisiwe nayo. Maana yake, chaja mbovu ya simu au taa ya LED ya bei poa ikipiga kelele kwenye masafa yako, nodi nayo inamwaga kelele hiyo kwa kila aliyeunganishwa. Hakuna njia ya haraka zaidi ya kujipatia jina baya mtandaoni.

Ya pili ni laini inayowasha kikuza sauti cha spika. Redio hii huzima kikuza sauti wakati wa ukimya ili kuokoa betri, na hukiwasha pale tu wimbi limeingia na toni imelingana. Hiyo ndiyo COR unayoitaka. Kuipata: fuata nyaya mbili za spika mpaka kwenye chipu ndogo zilizounganishwa nayo, mara nyingi haiko mbali na kinobu cha sauti. Karibu yake kuna transista ndogo yenye miguu mitatu inayoiwasha na kuizima. Weka ncha nyeusi ya multimita kwenye hasi ya betri, na nyekundu ipitishe mguu kwa mguu. Kila mguu upime mara tatu: redio ikiwa kimya; redio ya pili ikirusha bila toni; redio ya pili ikirusha na toni sahihi. Mguu unaotoka karibu na sifuri hadi volti mbili, tatu au zaidi katika hali ya tatu peke yake, huo ndio wako. Ukibadilika hata kwenye hali ya pili, una COR ya aina ya taa ya kijani. Itafanya kazi, ila kwa masharti niliyosema. Ukishuka badala ya kupanda, haidhuru, programu inakubali pande zote.

Angalia usishike laini ya umeme wenyewe wa kikuza sauti. Inapanda na kushuka kama unavyotaka, lakini mara nyingi ina kapasita kubwa pembeni, na umeme unaisha polepole baada ya mtu kuachia kitufe. Kila zamu ya maongezi itaisha na mkia wa kelele. Rudi nyuma hatua moja, kwenye mguu wa kuamuru wa transista, ndipo kuna mkato safi.

Usiunge laini hiyo moja kwa moja kwenye pini 48. Chipu ya kadi inafanya kazi kwa volti 3.3, na redio yako inaweza kuwa na volti 4 hapo. Weka transista ya 2N3904 katikati: laini ya redio ipite kwenye rezista ya kilo-om 10 hadi mguu wa besi, mguu wa emita uende hasi, mguu wa kolekta uende pini 48. Redio ikipokea, transista inavuta pini chini, nawe unaandika `carrierfrom=usbinvert`. Kama laini yako ni ile inayoshuka wakati wa kupokea, acha transista hiyohiyo na uandike `usb`.

PTT nayo ipewe transista yake, hata kama sasa inafanya kazi bila hiyo. Pini 13, rezista ya kilo-om 4.7, besi ya 2N3904, emita hasi, kolekta kwenye upande wa kitufe cha PTT ambao si hasi, utautambua kwa multimita. Ongeza kilo-om 10 kutoka besi kwenda hasi. Rezista hiyo ya pili wengi huiacha kwa kuona haina kazi. Kazi yake iko wakati Pi inawaka: kabla ya programu kuishika, pini inaweza kuelea, na redio ikajikuta inarusha dakika nzima bila mtu kujua.

Kwa nyaya zote za ndani tumia waya mwembamba wa milimita 0.25 au karibu na hapo. Waya mnene ukiuvuta kidogo unaondoka na kipande cha shaba ya bodi, na hapo redio imekwisha. Ukishalehemu, bandika tone la gundi ya moto sentimita moja kutoka kwenye nukta, ili mvuto uishie kwenye gundi.

Sasa mipangilio ya redio yenyewe, ambayo ingefaa kutangulia kila kitu. Kwa kebo ya pini mbili na programu ya CHIRP, chagua Baofeng BF-888, soma kilichomo, hifadhi nakala, halafu ubadilishe. Masafa ya kiwandani hayamo kwenye bendi ya 430 hadi 440 MHz tunayoruhusiwa, kwa hiyo futa chaneli zote ubakishe moja. Usitumie chaneli ya 16, maana kwenye redio hii ndiyo ya kusaka. Chagua masafa ambayo leseni yako inaruhusu, ukikwepa 435 hadi 438 MHz ambako satelaiti za ridhaa zinafanya kazi, na ukikwepa masafa ya ripita (vituo vinavyopokea na kurusha upya) za eneo lako. Weka toni ileile ya CTCSS kwenye kurusha na kupokea kwa redio zote mbili, na upana uleule, ama 12.5 kHz zote au 25 kHz zote. Moja ikiwa nyembamba na nyingine pana, sauti itakuwa ndogo upande mmoja na kupasuka upande mwingine, nawe utahangaika na viwango bure.

Kisha zima vitu vitatu. Zima kuokoa betri, kwa sababu redio ikiwa inasinzia na kuamka hukata silabi ya kwanza ya kila anayeongea. Zima sauti ya kutangaza chaneli. Zima milio ya vitufe. Hivi viwili vya mwisho ni muhimu zaidi kwa aliyechukua COR kwenye kikuza sauti: kila mlio unawasha kikuza sauti, kikuza sauti kinawasha COR, na mlio wa redio yako unasikika hadi ng'ambo. Kwa sababu hiyohiyo umeme usishuke: redio ikidhani betri inaisha italalamika, na malalamiko yake yatarushwa kwa kila mtu.

Umeme ndio unaotuleta kwenye Pi inayojiwasha upya. Kuna sababu mbili zinazofanana kwa macho: ama umeme wa Pi unaporomoka redio inapovuta, ama mawimbi ya redio yanaingia kwenye nyaya. Zitenganishe hivi. Vua antena, funga mzigo bandia wa om 50, unaomeza nguvu badala ya kuirusha hewani, kisha ruhusu nodi irushe. Ikitulia, tatizo lilikuwa mawimbi. Ikiendelea kujizima, ni umeme. Thibitisha kwa `vcgencmd get_throttled`: jibu likiwa `0x0`, umeme wa Pi haujashuka tangu iwake, ukiona `0x50000` au `0x50005`, umeshuka. Uiulize baada ya jaribio ambalo Pi haikuzimika, kwa kuwa ikiwaka upya kumbukumbu hiyo inafutika.

Kama ni umeme, karibu kila mara kosa ni redio kulishwa kutoka kwenye pini za Pi au chaja moja kugawana. Pi 3 ipewe chaja yake ya volti 5 na ampia 2.5. Redio ipewe kibadilisha volti chake, kwa mfano kile cha LM2596, kikilishwa na volti 12. Kigeuze kwa bisibisi mpaka kisome volti 3.9 kabla ya kuunga redio. Redio hii imezoea seli moja ya lithiamu ambayo ikijaa ina volti 4.2, na kibadilisha volti kipya kutoka dukani kinaweza kuwa kimewekwa volti 10 au zaidi. Ruhusu ampia 2, tumia waya mfupi na mnene kwenda kwenye vibati vya betri, na weka kapasita ya mikrofaradi 470 au 1000 pale redioni. Mwenye sola na betri ya volti 12 ana nafuu hapa: umeme wa gridi ukikatika nodi haitikisiki, na kadi ya kumbukumbu ya Pi haiharibiki kwa kuzimwa ghafla.

Kama ni mawimbi, sogeza antena kwanza. Antena iliyosimama sentimita ishirini kutoka kwenye Pi haitibiki kwa kifaa chochote. Itoe nje kwa kebo ya om 50, mita tatu au zaidi. Halafu funga kapasita za pikofaradi 100 kutoka kila waya unaotoka redioni kwenda hasi, pale unapotokea, na zungusha waya wa USB mara kadhaa kwenye feraiti.

Sauti sasa. Waya wa sauti inayotoka, naamini uliuchukua kwenye spika. Inafanya kazi, ila kinobu kikiguswa kiwango chote kinavurugika, na mtoto atakigusa tu. Afadhali uhamie upande wa juu wa kinobu, pale sauti inapoingia kabla ya kupunguzwa. Ukibaki kwenye spika, pima kwanza: redio ikitoa sauti, kama nyaya zote mbili za spika zina takriban nusu ya volti ya betri kwa kulinganisha na hasi, basi hakuna kati yake iliyo hasi. Ukiunga mmoja kwenye hasi ya kadi, unachoma kikuza sauti.

Popote ulipoichukua, pitisha kapasita ya mikrofaradi 1, halafu rezista ya kilo-om 10 kwenda kwenye tundu la maiki la kadi, na kilo-om 1 kutoka hapo kwenda hasi. Tundu la maiki la kadi lina umeme wake mdogo wa kulisha maiki, kwa hiyo ongeza kapasita nyingine upande huo. Kutoka kwenye kadi kwenda redioni, maiki ya redio inahitaji milivolti chache sana, ilhali tundu la hedifoni linaweza kutoa karibu volti nzima. Weka kilo-om 47, kisha kinobu kidogo cha kilo-om 1 kwenda hasi, na katikati ya kinobu toa kapasita ya mikrofaradi 1 kwenda kwenye nukta ya maiki. Maiki ya redio yenyewe ing'oe, la sivyo kila nodi inaporusha, jogoo na redio ya jirani vitarushwa pamoja na mazungumzo.

Mtu atauliza kwa nini asipunguze kwa programu tu. Ukishusha namba kwenye menyu hadi 30 au 40 kati ya 999, mvumo wa kadi unabaki palepale na sauti inauzamia. Shusha kwa rezista mpaka namba za menyu zikae katikati, 400 hadi 600.

Mistari inayowachanganya wengi ni `deemphasis` na `preemphasis`. Redio ya FM hunyanyua sauti nyembamba kabla ya kurusha na kuzishusha baada ya kupokea. Wewe umechukua sauti baada ya redio kuishusha, na unaingiza kwenye maiki ambako redio itainyanyua yenyewe. Kwa hiyo yote mawili yawe `no`. Ukiyawasha, kazi inafanyika mara mbili: watu wa mtandaoni watakusikia kama uliyejifunika blanketi, nawe utawasikia kama wanaongea ndani ya kopo. Hivyo `simpleusb.conf` yako iwe na haya:

carrierfrom=usbinvert
ctcssfrom=no
deemphasis=no
preemphasis=no
plfilter=yes
rxboost=no
txmixa=voice
txmixb=no
invertptt=no

Ukiona sauti yako ni hafifu hata namba ikiwa juu kabisa, badilisha kilo-om 10 iwe 4.7 kabla ya kuwasha `rxboost`, ambayo huongeza na mvumo. Rekebisha kwenye menyu huku redio ya pili ikirusha, ukiongea kwa sauti ya kawaida, na kilele kisipite alama ya 5 kHz. Maliza kwa W ili kuhifadhi. Asiyebonyeza W ataanza upya kesho.

Kwenye `rpt.conf`, mstari wa `duplex` uwe 1. Redio yako moja haiwezi kupokea na kurusha kwa pamoja, na ukiacha 2 ambayo ni ya ripita, nodi itajaribu kukurudishia sauti yako papo hapo, wakati bado unaongea. `totime=180000` inakata urushaji usiokoma baada ya dakika tatu; kwenye CHIRP kikomo cha redio kiweke sekunde 210, ili nodi ikate kwanza kwa adabu na siyo redio kukata ikiwa Pi bado inadhani inarusha. Ishara yako ya wito iandikwe kwenye `idrecording`, kwa mtindo wa `|i` ikifuatiwa na ishara bila nafasi.

Redio hizi baada ya kurusha huwa na kipindi kifupi cha kupepesa COR kabla ya kutulia. Nodi mbili zenye tabia hiyo zikiunganishwa zinaanza kurushiana mpira: ya kwanza inaachia, inapepesa, ya pili inadhani ni mtu, nayo inarusha, inaachia, inapepesa. Kwenye `simpleusb.conf` weka `txoffdelay=10`, yaani vipande kumi vya milisekunde 20, ili COR ipuuzwe kwa muda huo baada ya kurusha. Kama kuna mlipuko wa "kshh" kila unapoachia kitufe, `rxaudiodelay=3` au 4 huwa inatosha kuumeza.

Kuhusu intaneti: laini ya simu inatosha. Wewe ukiwaita wengine unapita bila shida, ila wao hawawezi kukuita, kwa sababu mitandao ya simu huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja na bandari ya UDP 4569 haifunguki kwako. Kwa kodeki (mtindo wa kusimba sauti) ya ulaw, saa moja ya maongezi ni takriban megabaiti 35 kwa kila upande. Kwa kodeki ya GSM ni kama 12, na sauti inapungua ubora. Muda ambao hakuna anayeongea hauli bando la maana.

Na joto. BF-888S ilitengenezwa kwa mlinzi anayesema sentensi mbili kisha ananyamaza. Nodi iliyounganishwa kwenye kundi lenye shughuli inarusha kila neno la kila mtu, dakika kumi mfululizo ni kawaida, na Dar au Mombasa chumba chenyewe kimeshaanza na nyuzi 30. Chagua nguvu ndogo kwenye CHIRP, uthibitishe kwa mita kwamba imepungua kweli. Kwa kuzunguka uani, nusu wati ni nyingi. Toa bodi kwenye kasha la plastiki na ubane kibati chake cha nyuma kwenye kipande cha alumini kama kiganja. Kidole kisipovumilia sekunde tano pale, punguza volti hadi 3.7 au punguza muda wa kuunganishwa.

Ungekuwa hujanunua kitu, ningekwambia uangalie bodi zenye moduli ya SA818: ina pini yake ya kuonyesha kwamba inapokea, na kutafuta kote huku kwa multimita kusingekuwepo. Lakini redio unayo tayari, na imebakiza waya mmoja.

Ukishaunganisha yote, jaribu bila kumsumbua mtu. Piga `*355553` kwa vitufe vya namba, au kwa Asterisk kama redio yako haina vitufe hivyo, na BF-888S haina:

sudo asterisk -rx "rpt fun NAMBA *355553"

NAMBA ni ya nodi yako. Hiyo 55553 ni kasuku: unaongea, anakurudishia. Hesabu moja hadi kumi taratibu. "Moja" ikirudi imekatwa kichwa, kuokoa betri bado kumewashwa, au una haraka ya kuongea kabla toni haijatambuliwa. Subiri nusu sekunde baada ya kubonyeza. "Kumi" ikirudi na mkia wa kelele, umeshika umeme wa kikuza sauti badala ya mguu wa kuamuru. Ikirudi yote lakini imepasuka, geuza kile kinobu cha kilo-om 1 kidogo kushoto na uhesabu tena. Ukimaliza, mwachie kasuku kwa `*155553`.